Dalali Kasema, Mwenye Mali Anakana: Mwongozo Kamili wa Kudai Haki Yako Chini ya Sheria ya Mikataba

Kwenye mauziano mengi ya viwanja, magari na fremu za biashara hapa Tanzania, anayeongea na mnunuzi ni mtu mmoja na anayepokea hela ni mwingine. Dalali ndiye anayesema kiwanja kimepimwa, gari halijawahi kugongwa, fremu ina luku yake. Mambo yakiharibika mwenye mali anasema, "Hayo kakwambia dalali, mimi sijasema kitu," na dalali naye anasema, "Mimi nilikuonyesha tu, mkamalizana wenyewe." Mnunuzi anabaki kutupiwa mpira kutoka simu moja hadi nyingine mpaka anachoka na kusamehe.

Wengi wanasamehe hela ambazo wangeweza kuzipata. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaeleza wakala ni nani, maneno yake yanamfunga nani, uongo unaufanya nini mkataba, na aliyeumia anastahili nini. Sheria hiyo ni ya mwaka 1961 na imefuata kwa karibu sana ile ya India ya 1872, ndiyo maana hadi leo utasikia mawakili wetu wakinukuu hukumu za India katika kesi ya kiwanja cha Mbagala.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba. Kenya nako, anayefanya kazi ya wakala wa nyumba na ardhi anatakiwa asajiliwe chini ya Sura ya 533 ya sheria za huko, na mkataba wa kuuza ardhi lazima uandikwe, usainiwe na ushuhudiwe. Kwa hiyo msomaji wa Mombasa achukue mantiki ya humu, namba za vifungu aziache.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni. Mnunuzi anatafuta kiwanja Kibaha. Dalali anampeleka site, anamwambia kimepimwa na hakina mgogoro, anamwonyesha bikoni (alama za mipaka) na picha ya mchoro kwenye simu. Bei ni shilingi milioni 12. Mnunuzi analipa, anapeleka matofali, kisha halmashauri wanamwambia eneo lina mchoro wa mipango miji tu, upimaji haujaidhinishwa.

Hatua ya 1: Jua dalali ametumwa na nani

Kifungu cha 134 kinasema wakala ni mtu aliyewekwa na mwingine amfanyie jambo au amwakilishe mbele ya watu wengine. Kwa kanuni ya jumla hakuna sharti la karatasi, na wala si lazima alipwe. Kutumwa kunaweza kuwa kwa maneno au kuonekana kwa mwenendo tu.

Watu wengi hudhani anayelipa udalali ndiye bosi wa dalali. Kwenye kupanga nyumba Dar es Salaam mpangaji ndiye anayetoa kodi ya mwezi mmoja kama udalali, halafu anashangaa dalali akimtetea mwenye nyumba. Malipo peke yake hayaamui kitu. Angalia nani alimpa kazi, nani anampa maelekezo, na nani anaweza kumwambia aache. Dalali mmoja anaweza pia kuwa na pande mbili, na hapo ndipo pana hatari zaidi, kwa sababu wajibu wa wakala ni kumtumikia aliyemtuma kwa uaminifu.

Hali ziko nne hivi.

Ya kwanza ni rahisi: mwenye mali amemtuma waziwazi. Anachokisema dalali katika shughuli hiyo ni kama kimesemwa na mwenye mali. Sheria inasema wazi kwamba taarifa potofu au udanganyifu wa wakala, akiwa kwenye kazi ya aliyemtuma, una athari ileile kana kwamba umefanywa na aliyemtuma. Hapo utetezi wa "hayo kasema dalali" unakufa. Haijalishi kwamba mwenye kiwanja alikuwa Tanga na hakusikia neno hata moja.

Ya pili: hakumtuma rasmi, ila amemwacha aonekane katumwa. Amempa funguo, amempa nakala ya hati, ulipompigia simu akasema, "Malizana na huyo kijana, hana shida." Mwenye mali aliyekufanya uamini hivyo hawezi baadaye kusema kijana hakuwa na ruhusa. Tunza ushahidi wa simu hiyo kama unavyotunza risiti.

Ya tatu: ametumwa, lakini kavuka mpaka. Kutumwa kutafuta mteja si kutumwa kupokea bei. Mwenye mali akisema alimtuma kutafuta wateja tu, nawe ukawa umemkabidhi dalali milioni 12 mkononi, una kazi kubwa mbele yako. Lipa kwenye akaunti ya mwenye mali, yenye jina lake. Dalali mwenye sababu nzuri ya kutaka upitishie hela kwake ni nadra mno. Hata hivyo, mwenye mali akishajua yote yaliyofanyika na bado akazikalia hela, ameidhinisha kilichofanyika, na sheria haimruhusu kuidhinisha nusu: hawezi kuchukua bei akakataa ahadi zilizoileta.

Ya nne: hakutumwa kabisa. Huyo, mwenye mali asipomwidhinisha, analipa mwenyewe hasara uliyoipata kwa kumwamini.

Kuna mambo mengine mawili ambayo watu hukutana nayo kila siku.

Moja ni cha juu. Mwenye kiwanja anataka milioni 10, dalali anakutajia 12, mbili anabaki nazo kimya kimya. Mitaani ni kawaida, lakini kisheria wakala anayejipatia faida ya siri katika kazi ya aliyemtuma anaweza kudaiwa faida hiyo na aliyemtuma. Kwako mnunuzi, cha juu kina faida moja isiyotarajiwa: kinaonyesha kwamba dalali alikuwa na sababu ya kukudanganya. Ndiyo maana ni vizuri kuongea bei na mwenye mali mwenyewe, hata kwa dakika moja.

Jingine ni hati ya nguvu ya uwakili. Mtoto anauza kiwanja cha baba kwa hati aliyopewa na baba. Uliza: baba yuko hai? Uwakala huisha aliyetuma akifariki. Kuanzia hapo anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama ile hati ina mihuri na saini zote. Ukiambiwa mzee anaumwa na hawezi kuongea na simu, chukua nauli uende ukamwone.

Na kwa wanaoagiza magari: wakala asiyemtaja aliyemtuma anachukuliwa kuwa amejifunga mwenyewe, na vivyo hivyo wakala anayefanya mkataba wa bidhaa kwa niaba ya mfanyabiashara aliyeko nje ya nchi, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kabla hujakubali kuambiwa "daiana na kampuni ya Japani", soma mkataba wako uone kama kuna mahali ulikubali hivyo.

Hatua ya 2: Yafanye maneno ya dalali yawe maandishi

Kabla ya kulipa, tuma ujumbe kama huu:

"Kaka, habari za leo. Kabla sijaingiza hela naomba unithibitishie hapa: (1) kiwanja kimepimwa na upimaji umeidhinishwa, namba ya kiwanja na kitalu ni ngapi, (2) hakuna mtu mwingine anayekidai wala kesi, (3) wewe umetumwa na mwenye kiwanja kukiuza. Nanunua kwa sababu ya hayo, nataka nianze kujenga fremu za biashara mwezi ujao."

Ujumbe huo unafanya kazi tatu kwa mpigo. Unamlazimisha atoe jibu la ukweli au la uongo. Unaonyesha kwamba maelezo hayo ndiyo yaliyokufanya ukubali, na sheria inataka hivyo: uongo ambao haukuchangia wewe kukubali hauutikisi mkataba. Na ile sentensi ya mwisho kuhusu fremu itakuja kuwa na thamani ya fedha, tutaona kwenye hatua ya 6.

Kuuliza kuna faida nyingine. Kukaa kimya tu si udanganyifu. Kifungu cha 17 kinasema hivyo, isipokuwa pale mtu ana wajibu wa kusema au kimya chake ni sawa na jibu. Muuzaji asiyeulizwa anaweza kunyamaza. Akishaulizwa akajibu nusu, ile nusu inageuka kuwa kauli.

Ujumbe wa WhatsApp unapokelewa mahakamani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imefungua mlango huo, ila utaulizwa ulitengenezwa, ukatunzwa na kutumwa kwa njia gani ya kuaminika. Kwa hiyo usifute mazungumzo, usiuze simu, na usitegemee skrinshoti peke yake. Ukibadilisha simu, ile ya zamani iweke kabatini.

Kisha hakikisha mkataba wa mauziano wenyewe umeyataja maelezo hayo. Mkataba ukishaandikwa, mahakama kwa kawaida haitakuruhusu kuupinga au kuuongezea kwa maneno ya mdomo. Udanganyifu ni mojawapo ya mambo yanayofungua mlango huo, lakini mlango wenyewe ni mwembamba. Mstari mmoja unatosha: "Muuzaji anathibitisha kwamba kiwanja kimepimwa na upimaji umeidhinishwa." Na kwa ardhi yenye haki ya kumiliki, kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinataka mkataba wa kuihamisha uwe wa maandishi, kwa hiyo usikubali habari za "tuaminiane".

Hatua ya 3: Chunguza, maana sheria haimbebi aliyefumba macho

Kifungu cha 19 kinasema mkataba ulioingiwa kwa kudanganywa au kwa taarifa potofu unaweza kutenguliwa na aliyedanganywa. Halafu kinaongeza sharti ambalo limewaangusha wengi: kama ulichofanyiwa ni taarifa potofu, au ni ukimya wa kudanganya, na ulikuwa na njia ya kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, mkataba hautenguliwi. Uongo wa makusudi uliotamkwa hauingii kwenye sharti hilo. Lakini hutaki kuanza safari ukitegemea kwamba utaweza kuthibitisha makusudi ya mtu.

Kwenye mfano wetu, bikoni zilizosimama ardhini hazithibitishi upimaji. Mchoro wa mipango miji unaonyesha eneo limepangwaje. Ramani ya upimaji iliyoidhinishwa ndiyo inayosema kiwanja kipo kisheria na mipaka yake ni hii. Chukua namba ya kiwanja na kitalu, nenda idara ya ardhi ya halmashauri, uliza ramani ya upimaji. Kama kina hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio.

Mengine kwa kifupi. Nyumba ya familia inahitaji ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamlinda mke au mume asiyehusishwa. Ardhi ya kijiji inahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Gari, linganisha kadi na namba za chesesi na injini, na ulizia taarifa zake TRA. Kampuni, angalia BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Na muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba mliandikishiana mbele ya mwenyekiti. Hauonyeshi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Mwenyekiti naye huwa anaambiwa tu.

Tunza kumbukumbu za uchunguzi: risiti ya upekuzi, tarehe uliyokwenda ofisini, jina na cheo cha uliyeongea naye. Siku ukiambiwa hukuchunguza, unazitoa.

Hatua ya 4: Upe uongo jina lake

Ukishagundua, jizuie kuandika "nimetapeliwa" kila mahali. Kuna tofauti yenye gharama.

Maneno ya kunogesha biashara, kama "eneo hili linakuja juu, miaka miwili utauza mara tatu", ni maoni. Huwezi kumshitaki mtu kwa kuwa na matumaini makubwa. "Kimepimwa" ni kauli ya ukweli: ni ndiyo au hapana.

Taarifa potofu, kifungu cha 18, inamgusa hata anayesema kitu kisicho kweli huku anakiamini, kama hakuwa na msingi wa kukisema kwa uhakika ule. Dalali aliyeambiwa na mwenzake kwamba eneo limepimwa, naye akakwambia bila kuuliza popote, anaangukia hapa. Huna haja ya kuonyesha nia mbaya.

Udanganyifu, kifungu cha 17, unahitaji kuonyesha alijua si kweli, au hakuamini, au aliahidi bila nia ya kutimiza, kwa lengo la kukunasa. Na hapa kuna kizingiti: tangu kesi ya Ratilal Gordhanbhai Patel dhidi ya Lalji Makanji ya 1957, mahakama zetu zinasema tuhuma ya udanganyifu katika shauri la madai inathibitishwa kwa kiwango cha juu kuliko madai ya kawaida, ingawa hakifiki kile cha jinai. Pia lazima uandike kwa undani: nani alisema nini, lini, wapi, na kwa nini unajua alijua.

Ushauri wangu ni kudai vyote viwili: udanganyifu kwanza, na kama hautathibitika, taarifa potofu. Anayeweka udanganyifu peke yake anacheza na shauri zima. Ninaona watu wakifanya hivyo kwa hasira, na hasira haijazi fomu vizuri.

Uvunjaji wa mkataba ni kitu cha tatu, tofauti. Kama mkataba wenyewe unasema kimepimwa, basi muuzaji amevunja sharti, na hapo hulazimiki hata kujadili alikuwa anajua au hajui. Ndiyo sababu ule mstari mmoja wa hatua ya 2 una thamani.

Hatua ya 5: Simama, usiendelee kujenga

Haki ya kutengua inapotea haraka. Inapotea ukiendelea kuutumia mkataba kana kwamba hakuna tatizo baada ya kujua: unapandisha ukuta, unaomba punguzo la awamu inayofuata, unapangisha. Inapotea ukichelewa pasipo sababu, na inaweza kukwama mali ikishaingia mikononi mwa mtu mwingine aliyeinunua kwa nia njema.

Kwa hiyo, siku ileile unayojua: simamisha mafundi, piga picha hali ilivyo, hesabu matofali, omba halmashauri maelezo kwa maandishi, na umwandikie mwenye mali na dalali kwamba umegundua nini na unahifadhi haki zako zote. Usiandike matusi. Hakimu atausoma ujumbe huo.

Hatua ya 6: Chagua nafuu na upige hesabu

Aliyedanganywa ana njia kuu mbili, na hawezi kuzipita zote.

Anaweza kutengua. Kila mmoja anarudisha alichopata: wewe unarudisha kiwanja, yeye anarudisha milioni 12. Juu yake, aliyetengua kwa haki anaweza kudai fidia ya hasara iliyotokana na mkataba kutotimizwa, kifungu cha 75.

Au anaweza kuushikilia mkataba na kudai awekwe pale ambapo angekuwa kama maelezo yangekuwa ya kweli. Hii inafaa pale unapokipenda kiwanja. Kama kukipima na kupata idhini kunawezekana, dai gharama hiyo. Kama haiwezekani, dai tofauti ya thamani: kilichopimwa kingekuwa 12, hiki kina thamani ya 7, unadai 5.

Tuseme mnunuzi wetu anatengua. Hesabu yake: bei 12,000,000; udalali aliolipa 600,000; wakili aliyeandaa mkataba 200,000; matofali ya 1,500,000 ambayo ameyauza kwa 900,000, kwa hiyo hasara 600,000. Jumla 13,400,000.

Hayo ya juu ya bei yanaitwa hasara mahususi. Lazima uyataje moja moja kwenye madai na uyathibitishe; hukumu inayonukuliwa kila mara hapa ni Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992. Matofali bila risiti ni hadithi. Fidia ya jumla, kwa usumbufu na mengine yasiyopimika, ni hiari ya mahakama. Unaiomba, hupangi kiasi chake.

Na zile fremu? Anasema angepata kodi ya 500,000 kwa mwezi. Kifungu cha 73 kinatoa fidia kwa hasara inayotokea kwa mtiririko wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote zilijua, wakati wa kufanya mkataba, kwamba inaweza kutokea. Hasara ya mbali hailipwi. Kanuni hii imetoka kwenye kesi ya Uingereza ya 1854, Hadley dhidi ya Baxendale: wenye kinu cha Gloucester walituma mhimili uliovunjika, msafirishaji akachelewa, kinu kikalala. Wakadai faida ya siku zilizopotea, wakakosa, kwa kuwa msafirishaji hakujua kwamba kinu kizima kilikuwa kinausubiri mhimili ule. Mnunuzi wetu ana ule ujumbe wa WhatsApp, "nataka nianze kujenga fremu mwezi ujao". Bila huo, dai la kodi halina pa kushika. Akiwa nao ana hoja, ingawa bado atatakiwa kuonyesha kwamba hela ya kujengea ilikuwepo na wapangaji wangepatikana.

Sheria pia inaangalia ulifanya nini kupunguza hasara. Ndiyo maana kuuza matofali kabla hayajaibiwa ni busara ya kisheria vilevile.

Kama mkataba una kipengele cha adhabu, mfano "atakayevunja atalipa milioni 20", usianze kushangilia. Kifungu cha 74 kinampa aliyeumia fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi kile kilichoandikwa. Ile 20 ni dari.

Nafuu nyingine ni amri ya kumlazimisha muuzaji atimize mkataba, ambayo huombwa zaidi kwenye ardhi kwa kuwa hakuna viwanja viwili vinavyofanana kabisa. Na zuio la muda, asiuze kwa mwingine kesi ikiendelea. Kwa zuio mahakama hufuata kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: kuna hoja ya msingi ya kusikilizwa, utapata madhara yasiyofidika kwa fedha, na ukipima pande zote, wewe utaumia zaidi zuio likikosekana. Ardhi iliyosajiliwa ina njia nyepesi zaidi, kuweka kevieti, yaani tahadhari ya kuzuia mali isihamishwe, kwa Msajili wa Hati chini ya kifungu cha 78 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi. Kwenye mfano wetu kevieti haisaidii, kiwanja hakijasajiliwa popote.

Hatua ya 7: Andika notisi ya madai

Wakili ataiandika vizuri, lakini hata wewe unaweza. Iwe fupi:

"YAH: KUTENGUA MKATABA WA MAUZIANO WA TAREHE … NA KUDAI SH. 13,400,000

Rejea somo tajwa hapo juu. Tarehe … wakala wako, kwa ujumbe wa simu, alinithibitishia kwamba kiwanja kimepimwa na upimaji umeidhinishwa. Kwa kuamini hivyo nilisaini mkataba na kulipa Sh. 12,000,000 kwenye akaunti yako. Tarehe … Halmashauri imenijulisha kwa barua (nakala imeambatishwa) kwamba hakuna upimaji ulioidhinishwa. Natengua mkataba. Nipo tayari kukukabidhi kiwanja. Nakutaka unilipe kiasi tajwa, kwa mchanganuo ulioambatishwa, ndani ya siku 14. Usipofanya hivyo nitafungua shauri bila taarifa nyingine."

Nakala kwa dalali. Peleka kwa mkono, asaini nakala yako, au kwa rejista ya posta. Siku 14 ni desturi tu. Ila kama aliyekuuzia ni halmashauri au taasisi ya serikali, lazima umpe notisi ya siku 90 kabla ya kushitaki. Ukiruka hapo shauri linatupwa.

Sentensi ya "nipo tayari kukukabidhi kiwanja" usiisahau. Anayetengua huku amekishikilia kitu anaonekana anataka vyote.

Hatua ya 8: Nenda panapostahili

Angalia unaomba nini. Unaomba kiwanja, au kutangazwa mmiliki? Huo ni mgogoro wa ardhi: unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Unaomba hela tu kwa mkataba uliovunjika? Hilo ni deni la mkataba, na Mahakama ya Mwanzo inasikiliza hadi shilingi milioni 30. Mdaiwa hupenda kuibua pingamizi la awali kwamba umekosea mlango, kwa hiyo andika madai yako wazi. Kiswahili ni lugha ya mahakama, usitishwe na fomu.

Waunganishe wote wawili, mwenye mali na dalali, kama wadaiwa. Dalali aliyemtaja aliyemtuma kwa kawaida hafungwi na mkataba wenyewe, lakini uongo wake binafsi ni wake. Angalia muda: dai la mkataba ni miaka 6, dai la madhara yasiyo ya mkataba, ambalo ndilo litakalomgusa dalali, ni miaka 3.

Kama hati yako ilitakiwa kulipiwa ushuru wa stempu na haikulipiwa, itakataliwa kama kielelezo mpaka ulipe ushuru na faini. Kalipie kabla.

Polisi je? Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Chukua RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi) kama ushahidi wa makusudi upo. Lakini kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si yako. Inaweza kumfunga mtu na wewe ukabaki bila senti. Na anayekwenda kituoni ili polisi wamkusanyie deni atajibiwa kwamba hilo ni la madai, na atakuwa amepoteza miezi.

Ukishinda, deni la hukumu linabeba riba ya asilimia 7 kwa mwaka hadi lilipwe, au kiwango kingine mlichoandikiana kisichozidi 12. Lakini hukumu haijilipi. Utaomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe, na mahakama itakuuliza mdaiwa ana nini: akaunti gani, gari namba gani, nyumba ipi. Anza kukusanya majibu hayo siku unayopeleka notisi, wakati mtu bado hajaanza kuhamisha mali kwa shemeji. Una miaka 12 ya kukaza hukumu tangu itolewe.